Kura ya 2027 Inaanzia kwa Ngazi za Ploti Yenu

Wasee, karatasi ya kura utakayopewa tarehe 10 Agosti 2027 inaandikwa saa hii, na wengi wetu hatuko kwenye chumba inapoandikiwa.

Najua vile tunaongea mtaani. Tassia, Fedha, Pipeline, Donholm, kote wimbo ni mmoja: chukua kura, amka mapema, piga laini, tukutane debeni. Poa sana. Lakini ukishafika mbele ya hiyo laini, kazi yako ni kuchagua kati ya majina uliyoyakuta. Hakuna aliyekuuliza nani aingie. Ni kama kufika kibandani saa tisa mchana halafu unalalamika kwamba kumebaki madondo pekee. Chapo zilikuwepo, kaka. Waliofika saa saba walizila.

Saa saba ya siasa inaitwa uteuzi. Mwaka huu nimeingia huko kwa mara ya kwanza. Najitolea kwenye kikosi cha mtu anayetaka urais. Simtaji hapa kwa sababu hili si tangazo na sijalipwa. Kuna watu hulipwa kusukuma hashitegi za wanasiasa, kila mtu anajua, kwa hivyo nimeona niseme mapema. Ninachotaka kuongea ni mlango wenyewe, hata kama utaingia nao kwa mtu tofauti na wangu.

Tuanze na hesabu.

Mwaka wa 2022 sajili ya wapiga kura ilikuwa na watu 22,120,458. Kwenye karatasi ya urais kulikuwa na majina manne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure. Watu milioni 22, majina manne, na ukweli ni kwamba mbio ilikuwa ya wawili.

Hao wawili walipatikana vipi? Tarehe 26 Februari 2022 wajumbe wa ODM walikutana Kasarani wakamwidhinisha Raila. Tarehe 15 Machi wajumbe wa UDA wakaketi Kasarani hiyo hiyo wakamwidhinisha Ruto. Wewe na mimi tulitazama kwa simu kama tunavyotazama harusi ya mtu tusiyemjua.

Na mambo haya hayakuanza juzi. Mwaka wa 2002 Moi alisimama na Uhuru Kenyatta, na Kasarani ya KANU ikapiga muhuri. Siku hiyo hiyo, 14 Oktoba, upande wa pili ulikuwa Uhuru Park, Raila akatamka "Kibaki tosha", na maneno mawili yakamaliza uteuzi. Mwaka wa 2007 ODM angalau walipiga kura: Raila alipata 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Hebu angalia hizo namba tena. Chini ya watu 4,000 waliamua nani atapambana na Rais aliye madarakani. Hao ni watu wa ploti chache tu hapa kwetu ukijumlisha na watoto.

Sasa fikiria 2027. Nilizaliwa 2003. Kila uchaguzi wa urais uliofanyika tangu nizaliwe, jina la Raila lilikuwa kwenye karatasi: 2007, 2013, 2017, 2022. Baba alifariki 15 Oktoba 2025. Uwe ulimpenda au hukumpenda, siasa ya nchi ilikuwa imejipanga kumzunguka yeye, wa kumfuata na wa kumpinga. Sasa ile nafasi iko wazi. David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, ameshatangaza nia na kuingia United Green Movement. Okiya Omtatah ametangaza. Boniface Mwangi alitangaza Agosti 2025. Kalonzo, Matiang'i, Gachagua, wote wako kwenye mbio. Wengine watafika hadi Agosti, wengine watapungua njiani. Watapungua vipi? Mezani, na wengine kwenye makaratasi. Hiyo ya makaratasi ndiyo inanihusu mimi na wewe.

Katiba, kifungu cha 137, inasema huwezi kugombea urais bila kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti katika kaunti nyingi, yaani zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, kwa hivyo unahitaji 24. Zidisha: sahihi 48,000. Haijalishi una chama au wewe ni mgombea huru.

Kiongozi mwenye chama kikubwa hizo sahihi hazimnyimi usingizi. Ana matawi, ana waheshimiwa, ana magari. Zinamkaba yule mwingine, yule tunayesema kwenye maoni "huyu ndiye anafaa lakini hawezi shinda". Muulize Reuben Kigame, mwimbaji wa injili asiyeona, aliyetaka urais 2022 kama mgombea huru. Tume ilikataa makaratasi yake. Akaenda kortini, na Julai 2022 Mahakama Kuu ikasema haki zake zilikiukwa. Lakini uchaguzi ulikuwa umekaribia, na jina lake halikuingia kwenye karatasi ya kura. Yaani ushindi wa korti ulifika, na chapo zilikuwa zimeisha.

Kuna wanaosoma hiyo stori na kusema, unaona, hii system ni yao, hakuna haja. Mimi naisoma hivi: sahihi 48,000 zinafaa kuwa tayari mapema sana, safi kabisa, na ziada juu yake, ili mtu akitafuta kasoro akose. Hiyo si kazi ya mwezi wa mwisho, na haifanywi na mwaniaji. Inafanywa na wewe unayeishi ghorofa ya nne na unawajua watu wa ghorofa ya pili.

Hapa ndipo Tassia inaingia.

Kitu kimoja kuhusu sisi watu wa mtandaoni: tunadhani watu wengi ni watu wengi. Vidio ikipata laiki laki moja tunasema nchi imeamka. Lakini laki moja ya wapiga kura wa Nairobi, kwa hesabu ya kifungu cha 137, ni kaunti moja. Moja tu. Bado unadaiwa 23.

Sasa shuka ngazi za ploti yako polepole. Chini kuna mama mboga, kura yake iko Murang'a na hajawahi kuihamisha. Jamaa wa nduthi amejiandikisha Kitui. Ghorofa ya kwanza kuna mwalimu wa Bungoma. Ya tatu kuna wasichana wawili wa Kisii na jirani yao wa Taita. Juu kabisa, karibu na tanki, kuna kijana wa Marsabit anayefanya kazi ya usiku. Mtaa wetu ni wa watu waliotoka pengine, na wengi wao kura zao zilibaki nyumbani. Katiba inahesabu mpiga kura kwa kaunti yake. Kwa hivyo ploti moja ya Tassia inaweza kugusa kaunti kumi bila mtu yeyote kupanda basi.

Hiyo ndiyo kazi ninayofanya wikendi. Fomu rasmi bado, kwa hivyo kwa sasa tunatengeneza orodha: nani ni mpiga kura, amejiandikishia wapi, na wakati ukifika yuko tayari kusaini? Daftari, kalamu, viatu. Naanzia juu nikishuka, kwa sababu ukianzia chini magoti yanakukumbusha mapema kwamba lifti hakuna.

Nikwambie ukweli, inachosha, na haitoi picha nzuri. Mlango wa kwanza unafunguliwa nusu. Wa pili kuna mtu ndani, unasikia TV, lakini amenyamaza akidhani wewe ni keyateka umekuja kudai rent. Kwa saa tatu unapata watu kumi na mmoja. Lakini hao kumi na mmoja ni wa kaunti saba, na hilo halijawahi kunitokea kwa vidio yoyote.

Maswali ninayoulizwa ni yale yale, na yote yana maana, kwa hivyo niyajibu hapa.

La kwanza linatoka stejini kila mara: "Mnatoa ngapi?" Nikisema hatutoi kitu, wanacheka. Jamaa mmoja wa nduthi aliniambia, "Kaka, siasa bila ya chai ni kanisa." Siwalaumu. Mtu amezoea kwamba mwanasiasa anapita mara moja kwa miaka mitano, na hiyo mia mbili ndiyo kitu pekee atakachowahi kuona kutoka kwake. Kuchukua ni akili. Lakini nilimuuliza hivi: aliyekulipa mia mbili, uliwahi kumuuliza swali lolote? Akasema hapana. Ndiyo maana alikulipa. Sisi tunaomba sahihi bure, kwa hivyo una haki ya kutuuliza mpaka tuchoke. Na aliuliza. Ushuru wa mafuta, askari wa kanjo, bima. Hakusaini chochote siku hiyo. Alisema nirudi na majibu. Nitarudi.

La pili: "Namba ya kitambulisho sipeani." Hapa nasimama na watu. Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya waliingia eCitizen kuangalia usajili wa vyama, wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Mtu alichukua namba zao mahali, akazitumia. Na mwaka wa 2022 tume ilitaka pia nakala za vitambulisho vya waliosaini, mpaka jambo hilo likafika mahakamani. Kwa hivyo mtu akikuomba namba, muulize inaenda wapi, inawekwa na nani, na itafutwa lini. Akikosa jibu, funga mlango, hata kama ni mimi. Sisi kwa sasa tunachukua jina, kaunti na simu, basi.

La tatu: "Wote ni wale wale." Sawa. Wakiwa wale wale kila mwaka, ni nani anawaleta? Kuna mkutano mahali. Kuna wajumbe. Sheria ya vyama ilivyorekebishwa 2022 inaruhusu chama kuteua kwa njia mbili: wanachama wote wapige kura, au wajumbe waamue. Chama chenyewe ndicho kinachagua njia. Niliuliza watu wa ploti yetu swali dogo: mjumbe wa chama chochote kile kutoka Embakasi Mashariki ni nani? Hakuna aliyenipa jina. Na humo ndani kuna watu wanaojua kila mchezaji wa akiba wa Arsenal. Wale wale wanabaki wale wale kwa sababu wanaowachagua pia ni wale wale, na hatuwajui.

La nne ndilo gumu, na lilitoka kwa mathe. Alipiga simu jioni, sauti ya chini.

"Nasikia umeingia siasa."

"Najitolea tu, mathe. Naandika majina."

"Chuo uliacha nikanyamaza. Hii sinyamazi. Siasa ina wenyewe. Na wenyewe wanaua."

Usinitarajie nimcheke. Juni 2024 tulitoka kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na kuna vijana hawakurudi nyumbani. Rex Masai alipigwa risasi tarehe 20. Tarehe 25 watu waliingia Bungeni na wengine wakauawa. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi mswada. Baadaye watu wakaanza kuchukuliwa na magari yasiyo na alama. Mathe aliona hayo yote kwa runinga akiwa na mtoto Nairobi. Hofu yake ina sababu.

Nilimwambia, "Nimesikia, mathe." Halafu nikamwambia ninachoamini. Tulisimamisha mswada mmoja, na bei yake ilikuwa watu. Mswada mwingine utakuja, kwa sababu wanaoandika miswada bado wapo, na waliwekwa hapo kwa njia halali, kwa karatasi ya kura yenye majina ambayo hatukuyachagua. Kama kuna njia ya kubadilisha watu bila mtoto wa mtu kulala mochari, iko kwenye hili daftari la kuchosha. Sikusema haina hatari. Nilisema ni kazi ya mchana, milango wazi, kwa sheria ya nchi. Alikaa kimya, kisha akauliza kama nimekula. Hakunipa baraka. Lakini juzi alinitumia jina la binamu yangu wa Nyandarua, eti "yeye ana kura."

Nimetaja chuo kwa sababu kuna jambo lake hapa. Sheria ya Uchaguzi inataka mgombea urais awe na digrii. Mwaka wa 2022 kuna waliokwama kwa mambo ya digrii, akiwemo Jimi Wanjigi, na Walter Mong'are aliyekuwa ameidhinishwa kisha ikaondolewa. Mimi niliyeacha chuo, mlango wa kugombea umefungwa. Mlango wa kuamua nani agombee uko wazi kabisa. Sahihi haiulizi uliishia mwaka wa ngapi. Ukiwa na miaka 18, kitambulisho na kura, sahihi yako kwenye ile fomu ina uzito sawa na ya profesa. Ni sehemu chache sana za nchi hii ambapo hilo ni kweli.

Na kama unadhani hii ya kugonga milango ni ushamba wa zamani, tazama New York. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala hapa jirani mwaka wa 1991, aliwania tiketi ya Democratic ya umeya mwaka wa 2025. Alianza akiwa hajulikani sana, mbele yake kuna Andrew Cuomo, gavana wa zamani mwenye jina na wafadhili. Vidio zake zilikuwa moto, sote tuliziona. Lakini nyuma ya vidio kulikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea wakipanda ngazi za ploti zao za huko. Alishinda mchujo Juni, na Novemba akachaguliwa meya. Umeya si urais, na New York si Tassia. Ninachochukua kwake ni hiki: vita vikubwa vilikuwa Juni, kwenye mchujo, wakati watu wengi walikuwa bado wanangoja Novemba.

Kwetu pia wengi wanangoja. Mwaka wa 2022 waliojiandikisha wa miaka 18 hadi 34 walikuwa 8,811,691, karibu asilimia 40 ya sajili, na idadi hiyo ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Mwaka ule Ruto na Raila walitofautiana kwa kura 233,211. Unaona tulivyo wengi na tulivyo kimya kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kuangalia mechi, fanya mambo matatu. Ingia eCitizen uone kama kuna chama kilikusajili bila kukuuliza. Kama kipo na hukitaki, jiondoe. Ukikitaka, basi uliza mjumbe wako ni nani na alichaguliwa lini. Pili, kama huna kura, usajili ulirejea Septemba 2025, nenda ofisi ya tume ya eneo bunge lako na kitambulisho chako halisi. Tatu, chagua mtu mmoja kati ya wote wanaotaka urais, yeyote, hata yule nisiyemwelewa, ukaulize kikosi chake: sahihi zenu mmefikisha kaunti ngapi? Wakikuangalia kama hawajaelewa swali, umejua kitu muhimu kuhusu huyo mtu.

Ukikuta mimi na daftari kwa ngazi zenu, usijifiche na TV inasikika. Fungua, nigombeze, niulize maswali magumu. Ukikataa kusaini, sawa pia. Ila niambie kura yako iko kaunti gani, nione kama ploti yenu inashinda yetu. Sisi tuko tisa.